Mstari wa Tano

Karatasi ilikuwa na mistari mitano, na minne ya kwanza haikumpa fundi wa lifti shida. Jina la mhusika: Spana. Hapo dada yake alicheka, maana Spana ndilo jina ambalo mafundi wenzake walimbandika kazini miaka kumi na miwili nyuma. Mtu ukimtuma abuni binadamu mpya kabisa, wa miaka mia tatu ijayo, naye akakuletea jina lake mwenyewe, jua ubunifu wake umeishia hapo. Kazi yake kwenye chombo cha angani: fundi. Anampenda nani: mama yake. Anaogopa nini: kufukuzwa.

"Haya, umejichora mwenyewe ukajivika kofia ya chuma," dada yake alisema. "Sasa mstari wa tano. Huo usiusome kwa sauti. Andika, kunja, nipe."

Mstari wa tano uliuliza: anaficha nini?

Walikuwa wanne mezani, ghorofa ya nane, Jumamosi alasiri, dirisha likiwa wazi. Dada mtu alikuwa mfamasia, na alipenda kila kitu kikae ndani ya kisanduku chenye lebo. Mchezo ule aliutunga yeye. Kuna chombo kinaitwa Subira, kimebeba watu mia nane kuelekea nyota ambayo watakaofika ni vitukuu vyao. Kila mchezaji anabuni mtu wake mmoja, kisha wote kwa pamoja wanasimulia yanayowapata safarini, na penye mashaka wanarusha dadu. Kulia kwake alikaa mshonaji wa ghorofa ya tatu, mcheshi, mwenye futi ya kupimia nguo shingoni hata siku ya mapumziko. Yeye alijibunia daktari mwenye mikono minne, "kwa sababu miwili hainitoshi hata sasa." Mwisho wa meza alikaa mama yao. Magoti ya mama yalishagoma, na bila lifti angekuwa mfungwa wa ghorofa ya nane. Mama alijipa unahodha. Nahodha wake alisinzia muda mwingi, akiamka anatoa amri moja, anasinzia tena.

"Kanuni ni hii," dada mtu alisema. "Kilichoandikwa mstari wa tano hakifutiki. Nitakijua mimi tu, na siku nikitaka nitakitumia."

Fundi akatafuna kalamu. Alijaribu kufikiria siri za watu wa angani, wizi, mauaji, mapenzi ya kando, zote zikamkimbia. Mwisho akaandika kitu pekee alichokuwa nacho: *Alisaini kadi ya breki bila kuipima.* Akakunja. Na nakwambia, kwa dakika kama mbili hivi moyo wake ukawa mwepesi kuliko ulivyokuwa kwa wiki tisa.

Maana ilikuwa kweli. Na ili uone ujinga wake ulivyokuwa, lazima ujue mtindo wa ofisini kwao. Kila lifti ina kadi ya ukaguzi inayotundikwa ndani, ukutani, na mkuu wao wa kazi hakutaka kuona kadi yenye doa la grisi. "Kadi inatazamwa na wapangaji," alikuwa akisema, "si kitambaa cha kufutia mikono." Basi mafundi wakazoea kusaini kadi asubuhi, wangali wasafi, kabla hawajashika hata bisibisi. Wote walifanya hivyo. Kila mmoja alijua si sawa, na kila mmoja alijua mwenzake anajua. Saini asubuhi, kazi mchana, jioni hakuna tofauti.

Siku moja tofauti ikawepo. Asubuhi alisaini kadi tatu, na ya tatu ilikuwa ya jengo hilihili la dada yake. Saa nane mchana akaitwa hospitali upande wa pili wa mji, watu wamekwama kwenye lifti. Alipomaliza jua lilikuwa limezama, na mtu wa ofisi alishapita kutundika kadi zote tatu. Breki ya dharura ya lifti hiyo ya tatu, ile inayouma reli pale breki nyingine zote zikishindwa, haikuguswa. Kuipima kunataka watu wawili, funguo za ofisini, na lifti ifungwe nusu siku. Angeombaje funguo za kazi ambayo karatasi inasema imekwisha? Kuna mwenzake aliwahi kwenda kusema ukweli wa namna hiyo. Alifukuzwa kabla ya chakula cha mchana, na mpaka leo hakuna kampuni inayompokea. Fundi akajiambia atangoja ukaguzi ujao, ataipima mara mbili. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na lake lilianza kuuma tangu usiku ule.

Akaanza kupanda ngazi. Ghorofa nane, kila Jumamosi, akifika mlangoni anahema na shati limemganda mgongoni.

"Kitambi hiki," alikuwa akisema, akijipigapiga tumbo.

"Kitambi gani?" mama aliuliza Jumamosi ya pili ya mchezo. Alimtazama kwa muda, macho yamesinyaa nyuma ya miwani. "Mpishi asiyeonja chakula chake, mimi ningemuuliza kuna nini."

Mshonaji alicheka, dada akacheka, naye fundi akacheka kwa sauti kuwashinda wote. Lakini ungemwona pale mama alipoaga kwenda kumwona daktari wa magoti! Alisimama kwenye korido mkono ukutani mpaka aliposikia mlango wa lifti unafunguka huko chini, ndipo akavuta pumzi. Akajisuta moyoni, akajiita mwoga, mnafiki, mtoto asiye na haya. Kisha akarudi mezani kurusha dadu.

Mchezo wenyewe ulinoga. Subira ilivuka wingu la mawe, daktari wa mikono minne akazalisha mapacha gizani, nahodha aliamka mara mbili. Dada mtu hakuigusa ile karatasi iliyokunjwa. Ilikaa ndani ya kikopo cha vidonge kilichokwisha, mbele yake, na fundi hakuacha kukitupia jicho.

Jumamosi ya nne, katikati ya mchezo, parafujo ya miwani ya mama ikatoka. Mshonaji akajitolea kumsindikiza kwa fundi wa miwani, mtaa wa pili tu. Wakaondoka, mama kaegemea fimbo yake, mshonaji kambebea mkoba. Fundi alitaka kusema shukeni kwa ngazi, akaona magoti yale, akawaacha waende. Akasikia lifti ikiwateremsha. Ikafika salama. Ikapita nusu saa.

"Wakirudi naanza na siri yako," dada mtu alisema, akikitikisa kikopo. "Nimeipenda mno. Sikujua una kichwa cha hivi. Sikiliza ninavyotaka kuianza." Akainamia daftari lake, akasoma kwa sauti ya chini. "Ndani ya Subira kuna chumba kidogo kinachopandisha watu kutoka tabaka la chini hadi la juu. Miaka yote kimekuwa kimya. Lakini wiki hii kimeanza kuimba. Ni sauti nyembamba, kama ukucha unaozungushwa kwenye mdomo wa glasi, na kabla ya kusimama inakatika, halafu chumba kinashuka kidogo, upana wa kiganja, ndipo kinasimama."

Fundi akamgeukia.

"Hiyo sauti umeitoa wapi?"

"Nzuri, eh?"

"Dada, umeitoa wapi?"

"Hapa kwetu. Lifti yetu inaimba hivyo tangu Jumatano. Nilimwambia mlinzi wa jengo, akaniambia niache hofu, kadi imesainiwa." Akatabasamu. "Na saini ni ya ndugu yangu, nikaona nimejiaibisha bure."

Fundi akasimama kwa kasi hata kiti kikaanguka. Alitoka, akashika ngazi, akashuka mbili mbili, mkono unaungua kwa kuteleza kwenye chuma cha kushikilia. Kichwani alikuwa na jambo moja tu, awahi chini kabla mama hajaingia mle ndani. Kati ya ghorofa ya saba na ya sita akaisikia ile sauti ukutani. Nyembamba, ndefu, inapanda. Ikakatika. Kukafuata kishindo, si kikubwa, kama mtu aliyedondosha gunia la unga, na ngazi zikatetemeka chini ya miguu yake.

Alipofika mlango wa ghorofa ya sita taa ndogo juu yake ilikuwa inawaka na kuzimika. Akaubandika uso kwenye upenyo wa mlango.

"Nani yuko humo?"

"Mimi," sauti ya mshonaji ikajibu, karibu, kidogo chini ya miguu yake. "Daktari wa mikono minne. Yote inatetemeka."

"Mama yuko nawe?"

"Hayuko. Mama yako mkaidi. Tumefika mlangoni akagoma, akakaa kwenye kiti cha mlinzi. Ati mwanawe hapandi hii kitu, na yeye atangoja chini mpaka aambiwe kwa nini. Nikamcheka. Lakini ni wewe hapo, Spana? Basi nimetulia. Kadi yako iko hapa mbele ya pua yangu. Saini safi, hata doa hakuna."

Fundi akafunga macho. Mama yake alikuwa salama, na aibu aliyoisikia ni kwamba, kwa nukta moja, alifurahi. Kisha simu yake ikaita. Alikuwa mlinzi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejiona ana msaada.

"Bosi, usihangaike. Ilipokwama nilikuwa tayari huku juu kwenye mashine. Nalegeza breki hii kubwa, nazungusha kwa mkono mpaka nimfikishe mlangoni. Kama mlivyotufundisha. Ikiteleza, si ile ya dharura itamshika?"

"Usiguse."

"Sikusikii, huku kuna kelele. Ipo sawa, si ndiyo? Kadi inasema nzima. Nalegeza."

Hatua zilisikika nyuma yake. Dada yake alikuwa amesimama ngazi tatu juu, ameshika kikopo mkono mmoja na ile karatasi, imekunjuliwa, mkono mwingine. Hakuwa akitabasamu tena. Midomo yake ilitembea kama anayesoma upya kitu alichodhani anakijua.

Ili mlinzi asikie ilibidi apaze sauti, na akipaza sauti mle ndani watasikia, na dada atasikia, na chini mama atasikia. Miaka kumi na miwili ya kazi ingeishia hapo.

"Ondoa mkono!" alipiga kelele. "Haijapimwa! Ile breki sikuipima. Nilisaini tu!"

Juu, kitu cha chuma kikawekwa chini taratibu sana.

Ndani ya lifti mshonaji hakucheka. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtoto aliyeamshwa.

"Spana. Nikae au nisimame?"

"Kaa. Katikati. Usisogee, usiguse kitufe chochote."

"Haya."

Akawapigia ofisini. Mkuu wa kazi akamuuliza breki ilipimwa lini, maana mbele yake alikuwa na nakala ya kadi, na fundi akalirudia lile neno mara ya pili, na halikuwa jepesi zaidi. Mkuu akasema gari la karibu liko dakika arobaini, na wao wawili wataongea baadaye. Fundi akapiga magoti mbele ya mlango, kiganja kwenye chuma baridi. Dada yake akaja akakaa kando.

Kutoka chini kabisa, sauti ya mama ikapanda na ngazi. "Mwanangu? Kuna nini huko?"

Lakini chini ya kiganja cha fundi chuma kilikuwa kimeanza kuimba.