Kulasi Ndani ya Pipa la Soda

Jumamosi, tarehe 14 Juni 1986. Asubuhi ilikuwa na baridi kali na upepo mkavu, na vumbi jekundu lilishafunika kila kitu kabla jua halijapanda.

Nilifika gereji ya Kapya, hapa mtaani Makomeno, nikiwa nimemaliza sala zangu njiani. Nilikuwa na furaha. Kwa jioni tatu, kabla ya kwenda masomoni, nilikuwa nimezipima kulasi mbili za alumini ambazo Kapya alizinunua mpakani Kasumbalesa. Kulasi ni kile kifuniko kizito kinachokaa juu ya injini na kubeba valvu zake. Moja iling'aa vizuri sana, lakini ilikuwa na ufa mwembamba kati ya valvu mbili. Nyingine ilikuwa nyeusi kwa masizi, ila nilipolaza rula ya chuma juu yake, hata karatasi ya sigara haikupita chini. Vyumba vyake vya moto, pale petroli inapowakia, vilikuwa vipana, na injini yenye turbo inataka hivyo, maana turbo huisukumia hewa kwa nguvu. Nikaiandika kwa chaki: HII.

Kesho yake, Jumapili baada ya misa, Liévin, mtoto wa marehemu dada yangu Agnès, angeendesha Peugeot 504 ya Kapya katika mashindano ya barabara ya Kasumbalesa. Magari mawili, kilomita moja, mguu chini mpaka mwisho. Kulasi ikipasuka katika mwendo ule, injini hushikana ghafla na gari hupinduka.

Kulasi niliyoiandika HII niliikuta ndani ya pipa la soda kali, ile dawa ya kung'olea mafuta na masizi, inayounguza hata ngozi. Pipa lilikuwa linatoa povu kama chungu kilicho motoni, na moto haukuwepo.

"Nani alitia kulasi humu?"

"Miye," Kapya akajibu. Kwa miaka ishirini alikuwa ameosha kulasi za malori katika pipa lile, zote za chuma, na zote zilitoka safi. "Ilikuwa buchafu. Unaona ile povu? Ni buchafu bunatoka."

"Patron, ile haiko buchafu. Ni alimini yenyewe inakuliwa."

"Nani alikuambia?"

"Mwalimu Antoine, ku masomo."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Muntu wa miaka makumi ine na sita, anaenda kukaa ku banc ya masomo na kitabu, sasa anakuya kunifundisha kulasi. Ngosa, rudia ku kusali. Ile kazi unaijua."

Nilimwomba Mungu anifunge mdomo. Hakuufunga, na nadhani alikuwa na sababu.

"Soda haiulize nani iko patron," nikasema.

Nikaitoa kulasi kwa ndoano na kuiosha kwa maji mengi. Uso niliouona laini juzi ulikuwa na vishimo kila mahali. Nikamimina mafuta ya taa katika njia za maji, tukangoja. Tone moja likajitokeza ndani ya chumba cha moto, kisha la pili: soda ilikuwa imeitoboa.

"Tutapaka colle," Kapya akasema, akichukua mkebe wa gundi.

Liévin alikuwa amesimama kando ya gari. Alishajisifu kwa Makomeno nzima kwamba atashinda. "Mujomba," akasema polepole, "ni kilomita moja tu."

Wakati huo Delphine, mke wa Liévin, aliingia na kopo. Yeye hupika sabuni ya kuuza, na soda yake huinunua kwa Kapya. Akachungulia pipa, akaitazama kulasi.

"Mulitia alimini mu soda? Siye bamama tunapikia sabuni mu pipa ya chuma. Sufuria ya alimini, soda inaikula mpaka inatoboka. Nani hajue ile?"

Kapya akafunika pipa. Hapo ndipo niliposikia uchungu zaidi. Jambo alilolicheka katika daftari langu lilikuwa linajulikana katika kila ua wa mtaa wetu, naye hakuniambia hata pole. Alisema tu: "Bon. Tunatia ile ingine."

"Ile ingine iko na ufa. Nilikuonyesha."

"Ufa ya nywele."

Nikaweka funguo zangu za kukazia boloni juu ya meza, moja moja. "Mukono yangu haitakaza hata boloni moja."

"Nitakaza miye."

Delphine akaweka kopo chini na kumgeukia mumewe. "Liévin. Sema."

"Niseme nini?"

"Unajua. Sema na sauti, patron asikie, mujomba asikie."

Liévin aliitazama 504, boneti wazi, turbo imeshafungwa mahali pake. Kisha akavua kofia.

"Miye Liévin, mbele ya mujomba Ngosa, mbele ya patron Kapya na bibi yangu Delphine, ninasema: kesho siingie mu ile motokari. Na siku ingine siingie, mpaka mujomba aandike HII ku kulasi na mukono yake, na mujomba mwenyewe aifunge."