Droo ya Diski

Mdogo wangu aliponiomba nimchagulie vitabu vya kujifunzia Kijapani, alikuwa amebakiza miezi kumi na minne kutimiza miaka thelathini. Kituo kimoja cha kulelea wazee huko Japani kilikuwa kimemwahidi kazi kwa masharti mawili: afaulu mtihani wa lugha, na ajiandikishe kabla ya umri huo. Mtihani ulifanyika mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo alikuwa na nafasi moja tu.

"Dada, mimi nikiingia duka la vitabu naona rangi za majalada basi," aliniambia. "Wewe ndiye mwenye macho. Nipakulie, nami nitakula."

Mimi ni mkutubi. Katika maktaba yetu ya umma ndimi ninayeteua vitabu vya idara ya lugha. Mdogo wangu alikuwa muuguzi msaidizi, na mama alimwita Chiriku tangu utotoni kwa sababu hakunyamaza hata akiwa na tonge mdomoni. Tuliishi watatu katika vyumba viwili. Mama alikuwa amepigwa na kiharusi miaka mitatu nyuma. Upande wake wa kulia ulikufa, na maneno yaliyombakia yalikuwa machache: maji, hapana, na jina la Chiriku. Langu halikubaki.

Sisemi hayo kwa kulalamika. Chiriku alikuwa na mikono ya kazi ile. Alimgeuza mama kitandani huku akimsimulia umbea wa wodini, na mama alilegea kama nguo iliyofuliwa. Mimi nilipomshika, alijikaza. Nilijua hatua zote, kwa kuwa nilizisoma: taulo chini ya nyonga, goti likunjwe, bega livutwe kwanza. Mama hakuwa amesoma kitabu hicho.

Kazi ya kuchagua niliifanya kwa wiki nzima, na niliifanya vizuri. Hilo nataka lieleweke. Kwanza nilivikataa vitabu vinavyoandika Kijapani kwa herufi zetu. Vitabu hivyo hurahisisha mwezi wa kwanza na kuharibu mwaka mzima. Msomaji huzoea gongo na asijue tena kutembea. Pili, nilivikataa vitabu vya watalii, vyenye njia mia mbili za kuulizia choo. Tatu, niliikataa kamusi nene ambayo Chiriku aliitamani kwa ajili ya jalada lake. Ilikuwa kamusi ya wataalamu, na yeye angepotea humo kama sindano kwenye godoro.

Nilibaki na vitabu vinne: kitabu cha masomo, daftari lake la mazoezi, mkusanyo wa mitihani ya miaka iliyopita, na kitabu cha kanji, yaani zile herufi zao zilizotoka kwa Wachina, kinachoonyesha ni mstari upi huandikwa kwanza na upi hufuata. Niliviingiza vyote katika orodha ya ununuzi ya mwaka ule. Nilimpa pia kadi mia tatu za katalogi ya zamani, ile tuliyoiacha tulipoletewa kompyuta. Upande mmoja ulikuwa na jina, kwa mwandiko wangu, la kitabu ambacho huenda hakipo tena. Upande wa pili ulikuwa mweupe, na huo ndio uliokuwa wake.

Vitabu vilifika siku mbaya. Chiriku alikuwa amebanwa wodini kwa siku mbili mfululizo, nami nilimuuguza mama peke yangu. Siku ya pili, asubuhi, nilimgeuza vibaya. Aliteleza akaenda chini, nami nikaenda naye. Sikuweza kumwinua. Tulikaa sakafuni karibu saa nzima, mgongo wake kifuani mwangu, mpaka jirani aliposikia naita. Muda wote huo mama alirudia neno moja. Halikuwa maji, na halikuwa hapana.

Nilikwenda kazini hivyo hivyo, na boksi la vitabu lilikuwa mezani kwangu.

Katika maktaba yetu kitabu chenye diski za kusikiliza hupita hatua nne. Diski hutolewa kwenye mfuko wa jalada la nyuma, kwa sababu wasomaji huzikwaruza. Hutiwa katika bahasha yenye namba ya kitabu. Bahasha huwekwa katika droo ya chini ya meza ya kuazimia. Mwishowe kitabu hubandikwa kibandiko chekundu mgongoni, ili msomaji ajue kwamba kuna diski na aiulizie. Bila kibandiko hakuna anayeuliza.

Nilitimiza hatua tatu. Ya nne nilijiambia nitaifanya kesho.

Jioni nilimpelekea Chiriku vitabu vyake. Alivinusa kimoja kimoja kama mtu anayechagua matikiti.

"Mama, tazama! Mwanao anakwenda kuwa Mjapani!" Alimwekea mama kitabu cha kanji kifuani. "Hii hapa ni mtu. Hii ni mlima. Hii, sijui, kama kiti kimeanguka." Mama alicheka kwa upande wake mmoja. Kisha Chiriku akafungua kitabu cha masomo na kuweka kidole kwenye picha ndogo ya kichwa chenye vipokea sauti masikioni.

"Dada, na huyu mwenye masikio ya sahani?"

"Hiyo ni sehemu ya kusikiliza. Maneno yote yameandikwa nyuma. Nitakusomea mimi."

"Havikuja na diski?"

"Vya maktaba huja hivyo."

Huo ndio uongo pekee niliomwambia Chiriku kwa maneno. Mwingine wote niliufanya kwa kunyamaza.

Kwa mwaka mzima nilimsomea. Kila siku baada ya kumwogesha mama tuliketi kando ya kitanda, yeye na kadi zake, mimi na mazungumzo ya mwishoni mwa kitabu. Nilijifunza herufi zao kwa ajili hiyo. Vokali zao ni tano kama zetu, na hilo lilinipa ujasiri. Nilisoma kama tunavyosoma sisi, kila silabi imekamilika, sauti ikikazwa karibu na mwisho. Sikuwahi kumsikia Mjapani akizungumza. Katika somo la tano mwanamke anaingia dukani kununua mwavuli, na muuzaji anamwonyesha mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Nilikuwa mwanamke, nikawa muuzaji, na siku Chiriku alipochoka nikawa mwavuli pia, ili acheke.

Zilikuwa jioni nzuri. Sina jina jingine la kuziita.

Mara moja alitaka kutazama katuni za Kijapani kwenye simu yake. "Wenzangu wa wodini wanasema zinasaidia masikio," alisema.

"Wenzako wa wodini wamefaulu mtihani gani?"

"Dada naye!"

"Katuni zina lafudhi ya watoto na ya majambazi. Ukienda kuongea hivyo mbele ya wazee wa watu, watakufukuza. Mwanafunzi hana walimu wawili, Chiriku."

Alizima simu. Mimi ndiye niliyemlea tangu baba alipofariki, nami ndiye niliyesoma mpaka chuo. Kama ningemwambia Kijapani husomwa kichwa kikiwa chini, angesimamia mikono.

Siku ya mtihani alitoka asubuhi amevaa blauzi yangu. Alirudi alasiri, akaketi kwenye kiti cha mama cha magurudumu, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu na mlango.

"Kusoma nimesoma," alisema. "Kanji zote nilizijua, nyingine nilizisalimia kabisa. Kisha wakawasha spika. Dada, wale watu wanaongea kama mvua juu ya bati. Nilingoja waanze maneno, kumbe ndiyo hayo wanayasema. Mwishoni wanameza, katikati wanavuta. Sikumsikia hata mtu mmoja anayeongea kama wewe."

"Labda spika ilikuwa mbovu."

"Wenzangu waliokuwa pembeni walikuwa wanaandika."

Matokeo yalitoka wiki mbili kabla hajatimiza miaka thelathini. Sarufi alipata alama za juu. Kusoma, za juu zaidi. Katika kusikiliza alikuwa chini ya kiwango, na aliyeanguka sehemu moja alihesabiwa kuwa ameanguka zote. Kituo kilimwandikia barua fupi ya kumtakia heri.

Hakulia mbele yangu. Aliniambia, "Masikio yangu ndiyo mabovu, dada. Vitabu ulinichagulia vizuri." Kisha akanishukuru. Nikapokea.

Jumatatu iliyofuata alivileta vitabu maktabani kuvirudisha. Ilikuwa wiki ya ukaguzi wa mwaka, na mkutubi mkuu alikuwa amekaa mezani pangu akilinganisha namba. Wasomaji walimwita Bwana Muhuri. Ilisemekana kwamba hata barua zake za mapenzi alizigonga tarehe. Alivipokea vitabu, akatazama rejista, akavua miwani.

"Binti, umekaa na vitabu hivi mwaka mzima, na diski zake hazijatoka hata mara moja. Tatu nzima! Mtu anajifunza lugha bila kuisikia? Huko ni kujifunza kuogelea mkekani."

"Diski gani, mzee?" aliuliza Chiriku.

Bwana Muhuri aliinama akavuta droo. Bahasha zilikuwa pale pale, na namba zake ni mwandiko wangu. "Hizi. Mbona vitabu havina kibandiko?" Alinigeukia mimi.

"Vibandiko viliisha," nilisema.

"Viliisha lini?" Aliingiza mkono tena ndani ya droo ile ile na kutoa bunda zima la vibandiko vyekundu. Hakuwa ananisuta. Alifurahi, kama mtu aliyeokota miwani yake. "Hivi hapa! Havijafunguliwa hata karatasi."

Chiriku hakunitazama mimi, alitazama mwandiko. Alikuwa ameuona maisha yake yote: kwenye madaftari yake ya shule, kwenye chupa za dawa za mama, nyuma ya kadi zake mia tatu. Kisha akasema kwa upole, "Naomba niziazime, mzee." Bwana Muhuri aligonga tarehe.

Nilipofika nyumbani jioni, redio ya mama ilikuwa imewekwa juu ya stuli, na kidirisha chake cha diski kilikuwa wazi. Mama alikuwa ameshaogeshwa. Chiriku alinipa kitabu, akiwa amekifungua tayari.

"Soma somo la tano."

"Nisome nini sasa, na mtihani umepita?"

"Soma tu, dada. Si umezoea."

Nilisoma. Nilikuwa mwanamke, nikawa muuzaji. Nilipomaliza alibonyeza kitufe. Mwanamke aliingia dukani. Sauti yake ilikuwa nyembamba na ya haraka, haikukaza mahali popote nilipokaza mimi, na maneno niliyoyatamka mpaka mwisho yeye aliyaachia njiani. Niliyajua yote kwa moyo, lakini sikutambua hata moja.

Chiriku alizima. "Huyo ndiye. Mwaka mzima nilidhani mwanamke wa mwavuli ana sauti yako."

"Tulianguka, mimi na mama," nilisema. "Ile siku vitabu vilipofika. Tulikaa sakafuni."

"Jirani aliniambia. Nilingoja uniambie wewe."

"Ungekwenda, ningebaki naye peke yangu. Hanitaki, Chiriku. Hata jina langu hana."

"Ungeniambia, 'Usiende, siwezi.' Ningelia siku mbili, na ningekutukana ya tatu. Kisha ningebaki. Unajua kwamba ningebaki?"

Nilijua. Nilijua tangu siku aliponiomba vitabu. Lakini nilitaka abaki bila mimi kuwa nimemwomba. Nilitaka lawama iwe ya Wajapani.

Chiriku aliinuka. Alimgeuza mama ubavu wa pili: taulo, goti, bega. Kwa mara ya kwanza alifanya kazi ile bila kusema neno.

Mwezi uliofuata alipata nafasi katika hospitali iliyo mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Ni kazi ile ile aliyokuwa nayo hapa, wala haina cheo zaidi. Nilimuuliza kwa nini aende mbali hivyo kwa kazi isiyomwongezea kitu.

"Wagonjwa wa kule wanaongea lugha ninayoisikia," alisema, akafunga begi.

Anapiga simu kila Ijumaa. Ananiomba niiweke simu kwenye sikio la mama, la kushoto, nami nasikia anavyomsimulia. Akimaliza hukata. Kadi mia tatu aliziacha juu ya kabati, zimefungwa kwa mpira.

Sasa ninamgeuza mama mwenyewe, kila baada ya saa mbili ninapokuwa nyumbani. Mchana jirani hunisaidia. Mama bado anajikaza. Nyumba ilikuwa kimya mno, na kimya kilimsumbua, akawa anaita jina lile lile akitazama mlango. Siku moja niliwasha redio, na diski ilikuwa bado ndani. Mwanamke aliingia dukani na kuuliza bei ya mwavuli, haraka haraka, bila kupumzika. Mama alinyamaza. Bega lake lililegea mkononi mwangu.

Kwa hiyo naiwasha kila ninapomgeuza. Diski ni za maktaba, kwa hiyo kila wiki mbili nazipeleka kazini, nagonga tarehe mpya, na kuzirudisha nyumbani. Hakuna msomaji mwingine aliyewahi kuziulizia. Vitabu viko kwenye rafu, vyote vinne, na nimeshavibandika vibandiko. Vinaonekana tangu mlangoni.