Dengu Tisa Gizani

Jua la saa tatu lilikuwa limeshaiangukia miche yote tisa ya dengu kabla sijatambua kuwa mkono wangu umevuta kitambaa cheusi kilichoifunika.

Majani yalikuwa yamepauka. Mashina yamerefuka, membamba kama uzi, yameinamia upande wa mlango kama wagonjwa wanaosikiliza hatua za daktari. Nikasema, nusu saa tu. Nikavuta kigoda, nikatoa rozari. Niliinuka saa sita.

Kibanda cha miche kilikuwa nyuma ya chuo, Nyegezi, na kazi yangu ilikuwa kumwagilia na kufagia. Mwenye miche alikuwa Kokulinda, mwanafunzi wa shahada ya pili, binti wa Kagera, mwembamba, msemaji. "Shikamoo, Mama Kija," kila asubuhi, hata kabla hajatua mkoba. Nilimtania siku ya kwanza: Mhaya gani wewe, unaacha migomba unahangaika na dengu?

"Migomba ina maprofesa wake, mama. Dengu hazina mtu."

Mbegu alipewa na bibi mmoja wa Magu, za zamani, konzi isiyojaa. Zilizoota ni hizo tisa.

Mimi ni wa darasa la saba, kwa hiyo alinichorea sakafuni, kwenye vumbi, kwa njiti. Ndani ya jani mna vijumba vya kijani. Ndivyo vinavyopika chakula kwa jua. Kila kijumba kina maandishi yake, vinasaba, yamejifunga duara. Katika mimea mingi fungu moja la maandishi hayo lipo mara mbili: moja linakwenda, pacha wake anarudi. Choroko inayo yote mawili. Dengu ilipoteza moja zamani sana, kabla hajazaliwa mtu wa kuipanda.

"Na inaishije?"

"Inaishi tu. Ila yaliyobaki yanahamahama, mama. Kipande hiki kinageuka, kile kinahama. Nataka kuona hizi za Magu zimejipangaje."

Nilikuwa na miaka minne ya ujane. Nikaendelea kufagia.

Kabla ya kusagwa ili vijumba vitolewe, majani yanapaswa kukaa gizani siku mbili, yamalize wanga. Wanga ukibaki, mashine ikizunguka unavipasua vile vijumba na kazi yote inapotea. Kokulinda alifunika miche Jumatano asubuhi. Zamu yake ya mashine ilikuwa Ijumaa, na wiki iliyofuata mashine ilikuwa inafungwa. Mbegu nyingine hakuwa nazo.

"Usifunue, mama. Hata kidogo. Waache wafunge kama sisi Kwaresima."

Nikaitika.

Nilishawahi kuitika hivyo. Wodini, nesi aliniambia mume wangu Shimba asile wala asinywe mpaka apasuliwe. Asubuhi Shimba aliniangalia. Hakuomba. Angeomba, ningekataa. Nikampa vijiko vitatu vya uji. Nesi alipouliza nilisema kweli, upasuaji ukaahirishwa mpaka Alhamisi. Alikufa Jumatano. Daktari alisema utumbo ulikuwa umeshaharibika, pengine hata upasuaji usingemsaidia. Hilo "pengine" nalala nalo, naamka nalo, nakwenda nalo kwenye komunyo.

Ile Alhamisi ya dengu, saa sita, nilirudisha kitambaa. Majani yalikuwa yameinuka kidogo. Hakuna aliyeniona.

Kokulinda alikuja saa nane na boksi la barafu, uso umechangamka. "Shikamoo, mama. Wagonjwa wetu wazima?"

"Nimewafunua."

Akacheka, akidhani ni utani wetu. Kisha akaniangalia vizuri.

"Muda gani?"

"Saa tatu mpaka saa sita."

Akaliweka boksi chini, akalikalia. "Mama Kija. Kwa nini?"

Nilikuwa na maneno mengi. Nikasema, "Niliwaonea huruma."

Hakunifokea. Angenifokea ingekuwa afadhali. Alitoka nje na simu, nikamsikia akimbembeleza mwenzake wabadilishane zamu, kaka nakuomba, kaka nisaidie. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Amepata Jumamosi jioni, zamu ya mwisho. Giza lilipaswa kuanza upya.

"Watastahimili?" nikauliza.

"Sijui, mama. Labda nusu."

Nikafungua fundo la khanga, nikatoa ufunguo wa kibanda. "Chukua."

"Mama, mimi nakuamini."

"Mimi sijiamini. Chukua, mwanangu."

Akauchukua.

Siku zile mbili nilifagia nje tu. Sikusogelea dirisha. Jumamosi alipofungua, miche minne ilikuwa imelala, mitano imesimama kwa shida. Alikata majani yote, ya waliolala na ya waliosimama, akayaweka kwenye mizani ndogo. Nilisimama mlangoni na ufagio. Alisoma mizani, akayapanga majani upya, akasoma tena.

"Yametosha, mama. Kwa kubana."

Nilitaka kumuuliza, na kama yasingetosha? Sikuuliza. Alikuwa anaharakisha kufunga boksi, na makopo ya miche yalihitaji kuoshwa.