Ugonjwa wa Sura ya Kumi na Tisa

Wivu wenyewe ulianza kwa neno moja la baba. Baba yao, fundi wa makochi, hakuwa msemaji, maana kutwa mdomo wake ulijaa misumari. Lakini siku hiyo aliitema yote kiganjani, akamtazama binti yake mkubwa aliyejikunyata kwenye kochi lisilo na kitambaa, riwaya nene ya Kiingereza mapajani, akasema, “Profesa, utaumia macho. Sogea hapo dirishani.”

Profesa! Mdogo mtu aligeuka akidhani anaitwa yeye. Na kwa nini asigeuke? Jina hilo lilikuwa lake tangu darasa la tatu. Yeye ndiye aliyekuwa akishika namba moja kila mwaka, yeye ndiye ambaye baba alijivunia kwa wateja. Leo dada mtu anaambiwa asogee dirishani, na hapo dirishani alikuwa amekaa yeye! Alimpisha, angefanyaje? Ila chai ya jioni hakuigusa.

Dada mtu aliacha shule mama yao alipolala kitandani kwa kifua kikuu. Alimuuguza miaka miwili, mpaka siku ya mwisho, kisha akabaki kupika, kufua na kumshonea baba vitambaa vya makochi. Mwaka huu ndipo alipojiandikisha mtihani wa fasihi ya Kiingereza, mtahiniwa wa kujitegemea, pamoja na mdogo wake aliyekuwa kidato cha mwisho. Chuo cha ualimu kilimwekea nafasi. Akifaulu karatasi hiyo, anaingia. Akianguka, umri umeshampita, hakuna cha mwakani. Mdogo mtu alilijua hilo kuliko wote, kwani barua ya chuo aliwasomea yeye.

Labda yangepita kama dada mtu angesoma kimya kimya. Wapi! Kila jioni baba alivuta kiti mezani. “Haya, Profesa, leo hao Waingereza wako wamefanya nini?” Na dada mtu hana hiyana, anamwaga: mwenye kiwanda cha pamba na kitambi chake, mabinti zake wawili wasiojua hata kuchemsha maji, farasi aliyekataa kuvuka daraja. Baba anacheka mpaka anafuta machozi. Mdogo mtu alikuwa ameisoma riwaya hiyo hiyo mara tatu, na hakuna aliyemuuliza habari za farasi. Aliyaokota masahani na kuyabwaga kwenye beseni kwa kishindo. Baba akamwambia taratibu, atavunja vyombo.

Jumanne, siku tatu kabla ya mtihani, dada mtu alimletea daftari lake. “Hebu nipitilie hapa kwenye muktadha wa kihistoria. Wenzangu mna mwalimu, mimi nabahatisha tu. Hasa hiyo sura ya kumi na tisa, roho yangu haijatulia.”

Mdogo mtu akasoma. Sura ya kumi na tisa ndipo anapokufa binti mdogo wa mwenye kiwanda, na mwandishi anasema alikufa kwa “consumption”. Dada mtu, maskini, alilikumbuka neno hilo kutoka kitabu cha biashara, huko alikoishia shuleni: consumption ni matumizi. Basi akaandika kurasa mbili nzima. Kwamba matajiri wa enzi zile walilewa bidhaa za ng’ambo, sukari, hariri, kofia za manyoya. Kwamba binti wa watu alitumia na kutumia mpaka matumizi yakamuua. Amepiga mistari kwa rula, tena kwa wino mwekundu!

Kicheko kilimpanda mdogo mtu, kikaishia puani. Yeye alijua. Mwalimu aliwaeleza darasani kwamba Waingereza wa zamani walikiita hivyo kifua kikuu, kwa sababu humla mtu mpaka akaisha. Ugonjwa ule ule uliomchukua mama. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu.

“Vipi, nimepatia?” dada mtu aliuliza.

Kabla hajajibiwa, baba akadakia kutoka kwenye makochi yake: “Profesa huyo! Atakosea wapi?”

“Umepatia kabisa, dada,” mdogo mtu akasema. “Hapo kwenye matumizi ndipo penyewe.”

Dada mtu akamkumbatia, akamwita “mwalimu wangu”. Usiniulize mtoto yule alilalaje siku hiyo. Jumatano alitaka kusema, akamkuta baba anamchongea dada mtu penseli kwa kisu chake cha kazi, kisu ambacho mtu mwingine haruhusiwi kukigusa. Akajitia hamnazo, akapita zake. Alhamisi hakutaka tena.

Ijumaa wakaingia ukumbini, yeye mbele na wanafunzi wenzake, dada mtu nyuma kabisa na watahiniwa wa kujitegemea. Swali la kwanza lilikuwa kifungu cha sura ya kumi na tisa: eleza jinsi muktadha wa kihistoria unavyosaidia kukielewa kifo cha binti huyu. Nitasema ukweli, mdogo mtu alifurahi. Alifurahi dakika mbili nzima. Kisha akageuka kumtazama dada mtu kule nyuma, akainama, akaandika.

Nje, dada mtu alimjia mbio, macho mekundu. Mdogo mtu alikuwa ameshaandaa pole ya kumpa. Hakupewa nafasi.

“Nisamehe, mdogo wangu!” Dada mtu alimshika mabega. “Nilianza na yale matumizi yangu. Kurudia kile kifungu, nikamwona anaficha leso, mashavu yamemwiva, homa inapanda jioni, na bado anasema kesho ataamka mzima. Nikasema, huyu ni mama! Ni kifua hiki! Nikafuta yote, nikaandika kurasa nne.”

“Basi si umefaulu?”

“Niache mimi! Nimekuponza wewe. Nilikupa daftari bovu ukaliamini, na wewe na namba moja zako. Nimekaa kule nyuma nakulilia. Umeandika matumizi, sivyo?”

“Hapana. Nimeandika kifua kikuu.”

“Mungu mkubwa!” Dada mtu aliruka, akampiga busu la shavu mbele za watu. “Nawe ilikujia humo humo ndani, kama mimi?”

Angesema ndiyo, yangekwisha. Dada mtu alikuwa anacheka, anangoja hiyo ndiyo. Mdogo mtu akaitafuta, haikutoka.

“Mwalimu alitufundisha,” akasema. “Muhula wa kwanza.”

Mikono ya dada mtu ikakaa kidogo mabegani pake, halafu ikashuka.

“Muhula wa kwanza,” alisema. “Na mimi nilikuuliza Jumanne.”