Karatasi ya Kimya

Itambulikane kwa wakaaji wote wa avenue hii, wakubwa kwa wadogo, mbuzi kwa kuku, kwamba leo Alhamisi, kuanzia saa nane mchana hadi saa tisa, ni marufuku kutwanga, kusaga, kuimba, kugombana na kukohoa, kwa sababu Bwana Félicien atafanya mtihani wa Kiingereza mbele ya dunia nzima. Imetolewa mtaani Nyakasanza, Bunia. Sahihi na muhuri.

Muhuri ulichorwa kwa bic ya buluu kuzunguka kifuniko cha chupa. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ua wa parcelle saa kumi na mbili asubuhi, kwa bugali laini badala ya gundi, na saa kumi na mbili na nusu mbuzi wa jirani alikuwa amekwisha kula muhuri, sahihi, na nusu ya marufuku.

Félicien aliliona lililobaki alipotoka na kidumu kwenda kuteka maji. Hakucheka. Alikuwa na miaka thelathini na sita, fundi wa maabara katika kituo cha afya, na alikuwa ameingia Bunia kutoka Djugu miaka miwili iliyopita akiwa na mfuko mmoja na diploma yake ndani ya plastiki. Alipanga chumba kimoja cha mbao nyuma ya nyumba ya Mama Kahindo. Alisalimia watu wote na hakuongea na mtu. Aliporudi kutoka kazini aliwasha mbabula yake mwenyewe ya mkaa, akapika chakula cha mtu mmoja, akaosha sahani moja.

Halafu alianza kuongea Kiingereza.

Simu ilimwuliza swali kwa sauti ya mwanamke, naye alilijibu akitazama ukuta. Mwezi wa kwanza watu wa parcelle walidhani anasali. Mwezi wa pili walidhani ana ndugu ng'ambo. Mwezi wa tatu walikubaliana kimyakimya kwamba vita vilimgusa kichwa, na wakaanza kumsalimia kwa sauti ya chini, kama mgonjwa. Mmoja tu alielewa: Séphora, binti wa Mama Kahindo, mwanafunzi wa shule ya bweni, msichana mwerevu, mpole, mwenye adabu kupita wenzake wote, ambaye alikuwa nyumbani kwa sababu barabara ya shule yake ilikuwa imefungwa kwa risasi. Alikuwa amesoma Kiingereza miaka mitatu kwa masista, na ukuta wa mbao una nyufa.

Maswali ya mazoezi yalikuwa ya kawaida. Eleza jikoni kwenu. Eleza safari uliyoipenda. Eleza mtu muhimu katika maisha yako. Kwa swali hili la mwisho Félicien alikuwa na jibu moja tu, na alilirudia hadi Séphora akalijua kwa moyo: mke wangu anaitwa Alphonsine; anatia chumvi mara mbili kwa sababu anasahau mara ya kwanza; akisimulia jambo, anacheka kabla ya kulimaliza, na hakuna anayejua mwisho wa hadithi zake.

Mtihani wenyewe haukuwa mchezo. Chuo kimoja cha Nairobi kilitoa bursa ya masomo ya miaka miwili kwa mafundi wa maabara. Félicien alikuwa na diploma, barua tatu na miaka kumi na moja ya kutazama vidudu kwa darubini. Vyote vilikuwa kwa Kifaransa. Walitaka uthibitisho kwamba anaongea Kiingereza, na waliutaka kabla ya saa kumi na mbili jioni ya Alhamisi hiyo. Kituo cha mtihani hakipo Bunia. Mtu aweza kuufanya kwenye kompyuta, chumbani kwake. Félicien aliuza baiskeli yake Jumatatu, akalipa ada. Jumanne na Jumatano mtandao ulikuwa umekufa. Ilibaki Alhamisi.

Masharti aliyanakili kwenye karatasi na kuyabandika juu ya kitanda. Uwe peke yako. Mlango ufungwe. Usiinuke. Usitazame pembeni. Sauti ya mtu mwingine isisikike chumbani. Atakayevunja atatolewa mtihanini, na haruhusiwi kurudia kabla ya siku thelathini. Waliotunga masharti hayo, bila shaka watu wema, walidhani kila mtu duniani ana chumba chenye ukuta.

Saa mbili asubuhi alikwenda kwa chef wa quartier, Papa Kambale, aliyekuwa ameketi nyuma ya meza yenye madaftari mawili na chupa ya chai.

"Chef, naomba saa moja ya kimya pale kwetu. Saa nane mpaka saa tisa. Niko na mtihani."

Papa Kambale aliwaza sana. "Kimya," alisema. "Karatasi ya kelele iko. Ndoa, iko. Matanga, iko. Kanisa ya kuomba usiku kucha, iko. Karatasi ya kimya, hapana, haiko."

"Chef aseme tu na mwenye moulin ya kusaga unga. Mutu moja tu."

"Nitasema na yeye kwa karatasi gani? Lipa ya kelele, mwalimu, halafu usifanye ile kelele."

"Miye si mwalimu, chef. Ni laborantin."

"Njo vile vile," alisema chef, akafungua daftari. Félicien alitazama bei, akaaga.

Kazini aliomba ruhusa, akaazima kompyuta ya mganga mkuu, ambayo ilikuwa na herufi moja iliyong'oka. Mega za mtandao zilikuwa zimepanda bei tangu Jumapili, kwa hiyo alinunua za saa moja tu. Saa saba na nusu alikuwa chumbani. Aliondoa vitu vyote mezani, kama masharti yalivyosema. Alivaa shati jeupe. Alifunga pazia.

Ng'ambo ya ua, moulin wa Néhémie ulikuwa unasaga muhogo. Mashine hiyo hutikisa vikombe hadi nyumba ya tano. Mbele ya nyumba, wamama watatu walikuwa wanatwanga majani ya sombe kwenye kinu kimoja, kwa zamu.

Félicien alitoka na shati lake jeupe.

"Papa Néhémie, nisaidie. Saa moja tu."

Néhémie alikuwa mweupe kwa unga hadi kwenye kope. Alimsikiliza kwa nusu sikio, kama wanavyofanya watu wa moulin. "Saa moja? Ona bale bamama na mabasini yao ya muhogo. Mazutu ya mashine iko ndani. Nikizima, weye utawasha?"

"Ni mtihani wa maisha yangu."

"Na huu ni unga ya maisha yao."

Hakusema kwa ubaya. Félicien aligeuka, akaingia ndani na kufunga mlango. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi.

Sasa ni lazima kueleza kitendo cha Séphora, ambaye alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya chumba, na ambaye alikuwa ameona kwa uchungu tangazo lake likiliwa. Alijua jambo moja ambalo masista hawafundishi. Mashine haizimwi kwa mtihani wala kwa askari, lakini huzimwa kwa kifo.

Alitembea hadi kwa Néhémie, uso umeinama, mikono nyuma. "Papa Néhémie, usimwambie mutu. Papa Félicien alifunga mulango. Walimupigia simu. Bibi yake amekufa."

"Bibi yake nani? Iko na bibi?"

"Alphonsine."

Jina hufanya uongo usimame kwa miguu yake. Néhémie alivua kofia. Kisha aliweka mkono kwenye mashine na mashine ikashuka, ikakohoa, ikanyamaza. Wamama wa mabasini waliinua vichwa. Mchi ulisimama hewani. Mtu alizima redio bila kuulizwa. Katika muda wa dakika nne, avenue nzima ilikuwa kimya kiasi kwamba uliweza kusikia kuku akikwaruza.

Séphora alirudi kwenye ndoo yake akijipongeza. Alikuwa amepanga kumfufua Alphonsine saa tisa na dakika tano.

Chumbani, mtihani ulifunguka. Félicien alisoma kwa sauti, akaandika, akasikiliza mtu akieleza habari za treni. Kidole chake kilitafuta ile herufi iliyong'oka, kikazoea. Saa nane na dakika arobaini sauti ya mwanamke, ile ile ya simu, ilimwambia aeleze mtu muhimu katika maisha yake. Dakika mbili. Félicien alivuta pumzi. Kwa mara ya kwanza tangu aje Bunia alitabasamu akiwa ndani ya chumba hicho.

Alianza. Mke wangu anaitwa Alphonsine. Anatia chumvi mara mbili.

Msichana mwerevu alikuwa amesahau jambo moja, nalo analijua hata mtoto wa miaka minne. Watu wakisikia kifo huzima mashine, ndiyo. Lakini baada ya kuizima, wanakuja.

Walikuja bila viatu. Mbele alikuwa Domitille, mwanamke mzee wa Djugu aliyeuza mkaa mwisho wa avenue, ambaye alikuwa hajawahi kuzungumza na Félicien zaidi ya salamu. Alikuwa na mkeka kichwani. Nyuma yake wale wa kinu, wale wa mabasini, Mama Kahindo na kuni mikononi, Néhémie na unga wake. Séphora aliinuka kwenye ndoo kuwazuia, lakini huwezi kuzuia matanga kwa kusema ngoja kidogo. Domitille hakubisha hodi. Kwenye msiba hakuna anayebisha hodi. Alisukuma mlango, akaanguka magoti sakafuni, akalia kwa sauti iliyopasuka:

"Alphonsine, mama. Alphonsine, umetuacha na nani?"

Félicien alikuwa katikati ya neno. Alikuwa hajalitamka jina hilo kwa mtu yeyote Bunia. Alilitamka kwa ukuta na kwa simu. Sasa mwanamke mzee alikuwa akililia sakafuni pake.

Aligeuka. Aliinuka. Nyuma ya mgongo wake kompyuta ilipiga mlio mdogo wa adabu, na maandishi yakatokea: mtihani umesitishwa, mtu mwingine amegunduliwa chumbani, asante kwa kushiriki.

"Nani aliwaambia?" aliuliza Félicien.

"Usiulize, mwana," alisema Domitille. "Lia kwanza."

"Nani aliwaambia? Sikuambia mutu hata moja."

Hapo Séphora, mlangoni, alianza kuelewa alichokifanya. Maana Félicien hakuuliza kama ni kweli. Hakupiga simu. Hakusema jamani, mke wangu yuko mzima.

"Lini?" aliuliza Mama Kahindo kwa upole.

"Miaka mbili. Siku tulikimbia," alisema. "Nilimufunika na majani. Sikurudi."

Domitille alitandika mkeka, akampigapiga begani hadi akaketi. Wamama waliketi. Félicien alitazama kompyuta mara moja, kama mtu anayetazama basi likiondoka, kisha akafunga kifuniko chake. Shati jeupe lilikuwa bado limefungwa kifungo cha juu. Alikifungua. Alilia bila sauti mwanzoni, halafu kwa sauti, na kelele ile ilisikika hadi nyumba ya tano, mahali vikombe hutikisika.

Saa kumi Papa Kambale alifika na daftari.

"Poleni. Matanga iko na karatasi yake," alisema, akilowesha kidole. "Nitaandika jina ya nani?"

Félicien aliinua uso uliovimba. "Chef, asubuhi nilikuya kukuomba kimya, ukasema haiko. Hii kilio, batu walinipatia bure. Sitailipia."

"Mwalimu, sheria njo..."

"Ni laborantin," alisema Domitille. "Kaa chini, Kambale, ao toka."

Chef alitazama mkeka, akatazama wamama. Aliketi. Daftari aliliweka chini ya paja.

Ndipo Mama Kahindo alipouliza swali ambalo lilikuwa likimzunguka tangu mchana. Kama hakuna simu iliyopigwa, na kama marehemu ana miaka miwili tangu afe, ni nani aliyeleta habari leo kabla ya saa nane? Wamama walimtazama Néhémie. Néhémie alimtazama Séphora mlangoni.

Msomaji aliye macho amekwisha kujiuliza pia: mwandishi huyu amejuaje mambo ya ndani ya chumba kilichofungwa, na kwa nini anamsifu sana yule msichana. Basi. Ni mimi. Mimi ndiye Séphora. Tangazo nililiandika mimi, muhuri niliuchora mimi, na Alphonsine nilimuua mimi, kwa sababu lilikuwa jina pekee nililolijua, na nilidhani yuko hai mahali fulani, Kampala labda, anatia chumvi mara mbili.

Nilisema yote mbele yao, mama akiwa amenishika sikio. Nilisema nilitaka tu anyamaziwe. Nilisema nilisikiliza kwenye ufa kwa miezi.

Siku thelathini za kungoja haziwezi kufupishwa, na saa kumi na mbili ilikuwa inakuja. Sote tuliiona ikija kwenye jua la mlangoni.

"Ulisikia yote?" Félicien aliniuliza.

"Yote, papa."

"Siye Kiingereza hatujue," alisema Domitille. "Alikuwa anasema nini?"

Nilimtazama Félicien. Aliinamisha kichwa, akatoa ruhusa. Basi nikawaambia, kwa Kiswahili chetu, kuanzia chumvi. Nilipofika kwenye hadithi zisizo na mwisho nilimgeukia Félicien, na ni yeye aliyemalizia.