Mwaka wa Wekoye

Wekoye wa Kabuchai alikuwa mzee wa kanisa mwenye ugonjwa mmoja tu: akisikia kuna kitu kipya, lazima akitake. Basi mwaka wa 1988, kanisa lao la matofali lilipokaribia kuisha, walimtuma Kitale kwa Kishore, fundi Mhindi wa kuchonga mawe, akalete jiwe la ukumbusho. Jina lake mwenyewe lingechongwa chini, maana ndiye aliyetoa kiwanja. Kwa furaha hata usingizi ulimpaa.

"Mwaka niandike A.D. ama C.E.?" Kishore akauliza.

"Tofauti ni nini?"

"Mwaka ni ule ule, mzee. A.D. ni mwaka wa Bwana, Bwana yenu Yesu. C.E. ni enzi ya watu wote, hata sisi ya dini ingine tunahesabu nayo. Siku hizi wasomi wengine wanaandika hiyo."

Mtu mwingine angefikiri kidogo. Wekoye alisikia "siku hizi" na "wasomi", yakamtosha. "Weka hiyo ya siku hizi," akasema.

Jumamosi, askofu akitarajiwa kesho yake, jiwe likafunuliwa mbele ya kamati, tayari limejengewa ukutani. Agneta, mwenyekiti wa akina mama, akauliza hizo herufi ni za nini. Wekoye akaeleza kwa madaha. Agneta akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo umemtoa Kristo kwa ukuta ya kanisa yake," akasema. "Ati enzi ya wote."

Kamati nzima ikamgeukia. Wekoye akaona aibu inakuja, akajitetea. "Agneta, wewe uliolewa lini?"

"Mwaka ya ile njaa ya mahindi ya manjano."

"Na uliokoka lini?"

"Mwaka ndugu yangu alitahiriwa."

"Sasa Kristo ako wapi hapo?"

Akawauliza na wengine. Huyu alizaliwa wakati wa nzige, yule alijenga mwaka daraja lilipobebwa na maji. Hakuna aliyemtaja Bwana. Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani.

Lakini kushinda maneno si kumshinda Agneta. "Sisi hatujachongwa kwa jiwe, bana," akasema. "Na askofu ni kesho."

Ikabidi herufi zizibwe kwa simiti na paandikwe "Mwaka wa Bwana". Nafasi ya maneno hayo ilikuwa moja tu, pale chini kwenye jina la Wekoye.

"Ni wewe kuamua, mzee," mchungaji akasema kwa upole.

Wekoye akachukua mwiko, akaziba jina lake kwa mkono wake, kisha akaandika "Mwaka wa Bwana" kwa msumari, simiti ikiwa mbichi. Iliuma, tusidanganyane. Miaka mizima akiingia kanisani alikuwa akitazama upande ule mwingine.

Mwaka wa 1993 alikwenda soko la Bungoma kununua chumvi, akamkuta Agneta akiuza ng'ombe. Mnunuzi, mtu wa Bumula, alitaka kujua umri wa ng'ombe huyo. Agneta, asijue ni nani amesimama nyuma yake, akahesabu kwa vidole.

"Huyu alizaliwa mwaka moja baada ya Wekoye."

"Baada ya Wekoye ndio lini?"

"Wewe si mtu ya Kabuchai," Agneta akasema. "Kwetu hata watoto wanajua mwaka Wekoye aliziba jina yake."

Wekoye alisahau chumvi. Alirudi nyumbani mbio kumwambia mke wake.