Mwanga Juu ya Kabati

Kazini walimwita Fundi, maana pale kiwandani, walikoshona sare za shule na za hospitali, hakuna aliyemfikia kwa kola. Nyumbani alikuwa mke wa marehemu tu. Mumewe alifariki ghafla, naye akabaki katika nyumba ile ile na mama mkwe wake, chumba kile kile, kitanda kile kile, upande mmoja umebonyea na wa pili hauguswi.

Hakuwa na ugomvi na mkwewe. Shida ni kwamba hapakuwa na pa kupumulia. Akichelewa kurudi, mama yuko dirishani. Akila kidogo, anaulizwa anaumwa wapi. Akicheka kwenye simu, sebule nzima inanuna, ingawa sebuleni huwa ameketi mtu mmoja. Kwa hiyo dada yake alipopiga kutoka mji mwingine kumwambia kuna kiwanda huko kimemkubali awe msimamizi wa mafundi, alifurahi mpaka akajionea haya. Alimweleza mama mkwe kwamba mwisho wa mwezi ataondoka. Mama aliitikia vizuri tu, akaendelea kuchambua mboga.

Haukupita muda, mwanga ukaanza.

Fundi alizinduka usingizini akaona doa la buluu iliyopauka likicheza darini, juu ya kabati la nguo. Lilitetemeka, likafifia, likakolea, kisha likazimika ghafla kama limepulizwa. Usiku uliofuata likarudi. Hakuwa mtu wa kuamini mambo ya mizimu, lakini ukiwa peke yako gizani, imani haikuombi ruhusa ya kuingia. Asubuhi, macho yamemvimba, alimsimulia mama mkwe akitegemea kuchekwa.

Mama hakucheka. Aliweka kikombe chini, na uso wake ukachangamka kwa namna ambayo Fundi hakuiona tangu msiba.

"Ni mwanangu," alisema. "Amesikia unataka kumwacha."

Kufikia jioni ukoo mzima ulikuwa na habari. Shemeji, mdogo wake marehemu, mtu wa maneno mengi ila kwa mama yake haonekani mpaka sikukuu, alipiga simu kusema kuondoka sasa ni kumvunjia marehemu heshima. Asubiri kwanza atulie. Fundi aliuliza marehemu atatulia lini. Shemeji akasema hayo hayapangwi na binadamu. Usiku huo mama mkwe alifunga mlango wa mbele akalala na funguo mfukoni mwa sweta, eti mtu akitokatoka ovyo atamshtua mgeni wao. Madirisha yote yalikuwa na nondo. Fundi alijilaza akiutazama ule upande usioguswa, akaona kitanda kinazidi kuwa chembamba.

Basi akaamua kuuchunguza mwanga kama anavyochunguza cherehani inayoruka mishono: unaondoa sababu moja moja mpaka umshike mkosaji. Alianza kwa kushuku taa za barabarani. Alileta kitambaa kizito cheusi kutoka kiwandani, akakigongomea misumari dirishani. Chumba kikawa giza kama ndani ya gunia, na mwanga ukaja vile vile. Akashuku nyaya za umeme. Akazima swichi kuu kabla ya kulala, na bado ukaja, safari hii ukakaa muda mrefu zaidi, kama unamkomoa. Ndipo mchana mmoja mama alipokwenda kwa jirani, Fundi akapandisha stuli juu ya meza, akachungulia nyuma ya kabati. Kule juu, ubao wa dari ulikuwa umeoza pembeni, na ukuta haukufika kwenye paa. Palikuwa na upenyo wa kupitisha kiganja. Upande wa pili wa ukuta ni stoo.

Usiku alijikaza asilale. Mwanga ulipotokea, alitoka miguu mitupu akasukuma mlango wa stoo.

Mama mkwe alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu mkononi. Fundi aliutambua ufa wa kioo chake. Ilikuwa simu ya mumewe, ile ambayo mama alisema iliibwa hospitali. Kwenye video iliyokuwa ikicheza, marehemu alikuwa anaosha gari, anamrushia mpiga picha povu, anacheka. Mama alikuwa ameondoa sauti ili asimwamshe mtu.

Mama wa watu hakuficha simu wala hakushtuka.

"Nakuja hapa kumngojea," alisema. "Kwako anakuja kila usiku. Mimi niliyemzaa hajanitokea hata mara moja. Nimemkosea nini?"

Fundi aliketi kwenye gunia kando yake. Akinyamaza, ataozea katika nyumba hii. Akisema, atamfishia huyu mama mwanawe kwa mara ya pili. Aliichukua simu taratibu, akaifunika kwa kiganja, stoo ikawa giza. Akaifunua, akaielekeza juu, kwenye ule upenyo.

"Mama, mwanga ninaouona ni huu."

Mama alitazama juu kwa muda. Kisha akanyoosha mkono kudai simu yake.

Fundi alidhani yamekwisha. Shemeji alipokuja na wazee wa ukoo kulizungumza jambo hilo, alieleza yote mbele ya mama, kuanzia kitambaa mpaka simu. Macho yote yakamgeukia mama. Naye, kwa upole kabisa, akasema hajui simu yoyote. Mkwe wake amechoka, huzuni imemzidi, asilaumiwe. Shemeji akamtaka Fundi aache kumsingizia mzazi, na ikakubaliwa abaki hadi mwaka uishe.

Wageni walipoondoka, wawili hao walibaki jikoni na vyombo.

"Ulisema kweli," mama alisema bila kugeuka. "Lakini nikikubali, unaondoka. Mimi nabaki na nani?"

Kama angekuwa mama mbaya, ingekuwa rahisi. Fundi alisuuza sahani moja mpaka maji yakamchosha mikono.

Jumatatu alitoka kwenda kazini kama kawaida, mkoba begani. Mchana mlango wa mbele haukufungwa na mtu. Aliacha nguo zake zote kabatini, na picha ya harusi ukutani. Kiwandani aliaga wenzake, akachukua mkasi wake na futi ya kupimia, akashika njia ya stendi. Kabla hajapanda gari alimpigia mama mkwe. Alimwambia ameondoka, chakula kipo jikoni, na atakuja kumwona. Kisha mama akauliza kama amebeba sweta, maana huko aendako kuna baridi. Fundi alisema hakubeba, akakata simu, akapanda gari.

Jioni, Fundi akiwa kwa dada yake, shemeji alipiga, akamwita kila jina. Fundi alimwacha amalize.

"Shemeji, mama anakesha stoo peke yake," alisema. "Nenda ukalale kwake."

Shemeji akauliza, sauti imeshuka, kama huko stoo kuna mahali pa kukaa.

Fundi akamwambia kuna gunia.